Mbegu za Calabar na Tiba ya Ugonjwa wa Kusahau

Seli za neva katika ubongo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo inayohusika sana na kumbukumbu ni asetilikolini. Ikishafikisha ujumbe, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja mara moja ili neva iwe tayari kwa ujumbe unaofuata. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, yaani ugonjwa wa kusahau, seli zinazotumia kemikali hiyo hufa hatua kwa hatua, na ile kidogo inayobaki huendelea kuvunjwa. Kukizuia kimeng'enya hicho ni njia mojawapo ya kumpunguzia dalili.

Mfano wa dawa ya namna hiyo ninaouona kuwa na mafunzo mengi zaidi unatoka Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria, ambako Waefik walimlisha mtuhumiwa wa uchawi mbegu za mmea wa Physostigma venenosum, kama mwavi, sumu ya kumpima mtu kama ana hatia, ulivyotumika katika sehemu nyingi za kwetu. Mwaka 1855 Robert Christison, tabibu wa Edinburgh, alikula kipande cha mbegu hiyo ili ajionee kitakachomtokea, akaugua vibaya lakini akapona. Mwaka 1864 kiini chake, fisostigmini, ambacho hukizuia kimeng'enya hicho, kilitengwa, na mwaka 1934 Mary Walker, daktari aliyefanya kazi London, alimdunga fisostigmini mgonjwa aliyelegea misuli kwa myasthenia gravis, akaona nguvu zikimrudia kwa saa chache. Kwa kumbukumbu, hata hivyo, fisostigmini haikufaa, kwa kuwa hudumu mwilini muda mfupi mno na huleta kichefuchefu na kutapika. Ndipo wanakemia walipofuata umbo lake wakaunda rivastigmini, ambayo leo hupatikana hata kama plasta ya kubandika kwenye ngozi. Galantamini, kizuizi kingine cha kimeng'enya hicho kilichotokana na maua ya jamii ya Galanthus, ilianza kutumika Bulgaria kwa magonjwa ya neva, na mwaka 2001 Marekani iliiidhinisha kwa Alzheimer. Dawa hizi hupunguza dalili kwa muda, haziponyi.

Basi tunaposikia kwamba majani fulani yamezuia kimeng'enya maabarani, tujue kwamba hiyo ni hatua ya mwanzo kabisa. Katika chupa ya majaribio hakuna tumbo, hakuna ini, wala hakuna kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo. Tena kimeng'enya hichohicho kinafanya kazi kwenye moyo, mapafu na misuli, na ndicho kinacholemazwa na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, ambavyo humfanya mkulima aliyevivuta atokwe na mate na jasho jingi, abanwe pumzi, na pengine afe. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kuzuia, peke yake, si sifa njema. Kinachotakiwa ni kiini kinachojulikana, kipimo kinachojulikana na majaribio kwa wagonjwa.

Familia inayomtunza mzee anayetumia rivastigmini, galantamini au donepezili, dawa nyingine ya aina hiyo, imweleze daktari kila dawa ya mitishamba ambayo mzee anakunywa, hasa kama mzee huyo ana pumu, vidonda vya tumbo au mapigo ya moyo yaliyo chini.