Kugandisha chunjua nyumbani: hofu yangu kama daktari wa ngozi

Mama mmoja alinijia kidole cha shahada kikiwa kimefungwa kitambaa. Alipokifungua, nikaona lengelenge lililojaa damu limetanda ubavuni, na ncha ya kidole imekufa ganzi. Alikuwa amejigandisha chunjua kwa kopo la gesi baridi la kutumia nyumbani, na maelekezo yake yalisema sekunde 20. Yeye alikandamiza kwa zaidi ya dakika moja. "Nilitaka ing'oke na mizizi yake, daktari."

Chunjua haina mizizi. Kirusi kinachoileta, HPV, hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo anayegandisha kwenda chini zaidi anaumiza nyama nzima isiyo na kosa. Na ubavuni mwa vidole mishipa ya fahamu iko karibu sana na ngozi.

Hospitalini tunatumia naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Makopo ya nyumbani yana dimethili etha na propani, ambazo baridi yake haikaribii hapo. Mtu akiona chunjua haitoki, anarefusha muda au anarudia kesho yake. Lakini seli zinazoipa ngozi rangi hufa mapema mno, kwenye nyuzi kama 5 tu chini ya sifuri. Ndiyo maana kwenye ngozi nyeusi doa jeupe linaweza kubaki muda mrefu, pengine maisha yote.

Gesi hizo pia huwaka. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya makopo haya kushika moto mikononi mwa watu. Baadhi walikuwa na mshumaa unaowaka karibu.

Kinachoninyima usingizi hasa ni uvimbe usio chunjua. Saratani ya ngozi ya unyayoni huweza kufanana nayo, na kila ukiigandisha unaichelewesha kugundulika. Chunjua halisi hukata mistari ya ngozi, na ukiisugua juu huonyesha vidoti vyeusi vya damu iliyoganda. Kitu chenye rangi isiyo sawa, kinachokua au kutoka damu chenyewe, usikiguse. Usoni na sehemu za siri, usithubutu. Mwenye kisukari asijaribu kabisa, hasa miguuni: huenda asisikie akiungua, na kidonda chake huenda kisipone upesi.

Yule mama hisia zilimrudia baada ya miezi kadhaa. Doa jeupe bado lipo, na chunjua imechipuka upya, imelizunguka kama pete.