Kwa nini buibui huyu anaishi bonde moja tu dunia nzima?

Ukipiga tochi uwani usiku ukaona vitu vinang'aa chini kama vipande vya chupa, usishangae, mara nyingi hayo ni macho ya buibui wanaoitwa mbwamwitu, wale hawategi kwa utando, wanakimbiza mawindo wenyewe chini kwa chini. (Nasema buibui mdudu jamani, siyo la kuvaa.)

Sasa jitu lao moja liko Deserta Grande, kijisiwa karibu na Madeira kule kwa Wareno, hao hao tunaosema walituachia mchezo wa ng'ombe Pemba. Wataalamu wanamwita Hogna ingens. Ana rangi ya kijivu iliyokoza, miguu ina mabaka meupe, kiwiliwili sentimita 4 na akitandaza miguu anafika 12, yaani anafunika kisahani cha kahawa, na watoto wa mijusi anawala. Huyo bwana hayupo kwengine popote ila Vale da Castanheira, bonde la upande wa kaskazini wa kisiwa.

Hahami kwa nini? Mbawa hana, na mpaka Madeira ni bahari zaidi ya kilomita 20. Ingawa hata mbawa si hoja, popo wa Pemba pale Kidike magharibi ikiingia anaruka atakako na bado dunia nzima yuko Pemba tu. Mambo ya visiwa hayo, kiumbe anakaa miaka na miaka mpaka anakuwa wa pale pale. Huyu wa Deserta kazoea mawe, mchana kajificha chini ya jiwe au kwenye ufa, na mama anatembea na kifuko cha mayai nyuma, wakitoka watoto wote wanampanda mgongoni.

Balaa lake ni majani. Yapo ya kigeni, Phalaris aquatica, yameota mazito yakafunika mawe na kuziba nyufa, na mambo ya kuletwa tunayajua, kunguru si waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wale taka, leo vifaranga vyetu! Kule sungura nao walikuwa wa kuletwa, wakaondolewa kwa nia njema kabisa, majani yakakosa wa kuyala ndo yakazidi.

Buibui waliokomaa waliobaki walikadiriwa 4,000 hivi. Mwaka 2017 bustani ya wanyama ya Bristol, Uingereza, ilizalisha zaidi ya 1,000, lakini hata wangezaliwa mara kumi yake wanarudi kukaa wapi kama nyufa zimezibwa? Kwa hiyo kazi kubwa ya wahifadhi kule imebaki palizi, kuyamaliza yale majani mpaka mawe yaonekane tena.