Mashine ya jimu haikufundishi kushuka kilima cha Bugando

Wakimbiaji wengi hapa Mwanza huamini kwamba ukiinua mashine ya kukimbilia hadi mwinuko wa asilimia 10, kazi ya vilima umeshaimaliza. Nusu yake ni kweli: kwa moyo na mapafu, kupanda ni kupanda, iwe jimu au Bugando. Shida ni kushuka. Mashine nyingi hazina mteremko, na kwenye kushuka ndiko misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inarefuka huku imekaza, nyuzi zake zinaumia kidogo kidogo, na keshokutwa ngazi unazishuka kinyumenyume (yamenikuta). Kinga yake ni kushuka kwenyewe. Hata safari moja ya kushuka hupunguza maumivu ya inayofuata, kwa wiki kadhaa. Basi panda kilima cha Capri Point alfajiri, ushuke kwa hatua fupi. Mashine iachie siku za mvua.