Jodhaa hakuwa mke wa Akbar

Muulize mpenzi yeyote wa filamu za Kihindi mke wa Mfalme Akbar, mtawala wa Wamoghuli wa India, aliitwa nani. Atakujibu bila kusita: Jodhaa. Kamwona Aishwarya Rai akimkabili Hrithik Roshan kwa upanga katika Jodhaa Akbar ya mwaka 2008, basi, yamekwisha.

Harusi ilikuwepo kweli. Mwaka 1562 Akbar, kijana wa miaka 19, alimwoa binti wa Raja Bharmal, mtawala wa Amber, kaskazini-magharibi mwa India. Ila Akbarnama, historia iliyoandikwa na Abul Fazl, mtu wa baraza la Akbar mwenyewe, haimwiti Jodhaa hata mara moja. Bibi huyo tunamjua kwa lakabu, Mariam-uz-Zamani. Jodh Bai, ndiye huyo “Jodhaa”, alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe Jahangir, aliyetoka ukoo wa kifalme wa Jodhpur. Jina lenyewe linakuonyesha kwao. Waandishi wa baadaye wakawachanganya mtu na mkaza mwanawe.

Na yale mapenzi ya kwenye filamu? Bharmal alitaka kinga dhidi ya maadui zake, Akbar akataka Warajput, koo za wapiganaji wa Kihindu kama ukoo wa Bharmal, wawe upande wake. Posa ya siasa hiyo.

Mimi naona filamu iliacha uhondo wenyewe. Mariam-uz-Zamani alikuwa mfanyabiashara! Jahazi lake kubwa, Rahimi, lilipeleka mahujaji na bidhaa Bahari ya Shamu, hadi Wareno (ndio walewale wa Ngome ya Yesu, Mombasa) walipoliteka mwaka 1613. Jahangir alikasirika, akawafungia Wareno biashara.