Ndimu na Majivu: Kwa Nini Rupia ya Nyumbani Hurudishwa Bila Alama

Nyumba nyingi za Lamu hazikosi sarafu ya kale, iwe ndani ya kasha au kwenye zidaka za ukutani: rupia ya Mombasa ya 1888, pesa ya shaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar, au reale ya Maria Theresa, ile dola kubwa ya fedha ya Austria. Siku mwenyewe akisikia kwamba Marekani kuna makampuni, kama PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, yanayokagua sarafu na kuipa alama kati ya 1 na 70, jambo la kwanza analofanya ni kuisafisha ipendeze. Hapo ndipo anapoiharibu.

Sarafu halisi yenye kasoro haitupwi. Hufungwa katika kibweta cha plastiki na kuandikwa kwamba ni halisi lakini imesuguliwa, imetobolewa au imeliwa na kutu, bila alama yoyote. Ya bandia hurudishwa ilivyokuja. Ada ya ukaguzi hulipwa kwa hali zote mbili.

Tuanze na kusugua, maana ndiko kunakowaponza wengi. Sarafu inapogongwa kiwandani, madini hutambaa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga utembee juu ya sarafu unapoigeuza chini ya taa. Majivu, mchanga laini na dawa ya meno huisaga mistari hiyo; ndimu na ukwaju huila kwa asidi. Kinachobaki kinang'aa, ila ni mng'ao wa sufuria: umetulia mahali pamoja.

Kujipima ni rahisi. Zima taa zote ubakize moja, shika sarafu kwa ukingo wake, iinamishe polepole na uitazame kwa kioo kinachokuza mara 10. Mikwaruzo myembamba inayolala upande mmoja ni alama ya kitambaa. Uwanja (sehemu tupu isiyo na picha wala herufi) mweupe huku weusi ukiwa umejificha kandokando ya herufi ni alama ya dawa ya kung'arisha. Weusi wenyewe haukuwa uchafu. Fedha iliyokaa miaka mingi hujivika rangi, na mkaguzi huihesabu rangi hiyo kuwa uzuri endapo imekuja yenyewe. Rangi ya kulazimishwa kwa moto au kwa mvuke wa salfa naye huitambua, na hiyo nayo hukataliwa.

Mafuta na utando wa plastiki huweza kuondolewa kwa asetoni safi, kwa sababu haili fedha wala shaba. Mimina kwenye gilasi ya kioo, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali, zamisha sarafu dakika 5 hadi 10, itoe, iache ikauke yenyewe. Usisugue. Dawa ya kufutia rangi ya kucha haifai: mara nyingi ina manukato na mafuta yanayobaki juu ya sarafu.

Kisha kuna kazi za sonara. Rupia nyingi za pwani zilifanywa vidani, zikachomelewa kishikizo ukingoni. Kishikizo kikiondolewa, kovu la kuchomelea hubaki, na kuliziba hakusaidii. Tundu lililozibwa ni kasoro ya pili juu ya ile ya kwanza. Msichanganye na senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Hizo zilitoka kiwandani hivyo, na tundu lao halihesabiwi kasoro.

Bahari nayo ina sehemu yake. Chumvi ikiingia ndani ya shaba hukaa humo, na unyevu wa pwani huiamsha: unga wa kijani kibichi hufutwa leo, ukachomoza tena baada ya siku chache mahali pale pale, kila mara ukiacha kishimo. Sarafu kama hiyo huwekwa kavu kabisa, ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Senti za aluminiamu za 1907 na 1908 ni dhaifu zaidi.

Mfuko laini wa plastiki unaonuka huacha utelezi wa kijani juu ya sarafu, na ukikaa muda mrefu hula madini. Mpira wa kufungia huacha mstari mweusi.

Kuhusu bandia, reale ndiyo inayosumbua zaidi. Zote zimeandikwa 1780, lakini viwanda vya miji kadhaa viliendelea kuzigonga kwa tarehe hiyo hiyo hadi karne ya 20, kwa hiyo tarehe peke yake haithibitishi umri. Nzuri ina uzito wa gramu 28.07, upana wa milimita 39.5, na maandishi yaliyoinuka ukingoni. Rupia ya Mombasa ni gramu 11.66. Uzito ukilingana, pima pia ujazo: weka gilasi ya maji safi juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kioo. Rupia ya fedha isome karibu gramu 1.13; ikisoma 1.3, ni nikeli na shaba au kitu cha namna hiyo. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai. Ikaushe kwa kuigusagusa tu na pamba.

Kabla ya posta, kuna sheria. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Rupia ya 1888 imo. Na sarafu ya kale iliyookotwa ardhini hutolewa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, pamoja na mahali palipopatikana. Sarafu za China za enzi ya mfalme Yongle (mwanzoni mwa karne ya 15), ile iliyofukuliwa Mambrui mwaka 2010 na ile ya Manda iliyotangazwa mwaka 2013, zina thamani kwa kuwa mahali zilipopatikana panajulikana. Kwa hiyo ukiiokota ufukweni au kwenye magofu, usiioshe. Ifunge kwa karatasi pamoja na udongo wake, na uandike nje ya karatasi ni wapi na ni kina gani.