Je, wajua kwa nini mfupa huunga mapema na mkono ukabaki umelegea?

Kijana wa bodaboda kutoka Bombo, hapa Uganda, aliingia kliniki wiki ya kumi baada ya ajali, eksirei mbili chini ya kwapa. Ya kwanza ilionyesha mfupa wa juu wa mkono wa kushoto umekatika katikati. Ya pili, ya asubuhi ile, ilionyesha mfupa umenyooka na kinundu kizito kimeuzunguka pale ulipokatika. Wanafunzi wangu wakafurahi. Kisha kijana akanyoosha mkono mbele, na kiganja kikaning'inia kama jani la mgomba lililovunjwa na upepo.

"Musawo (daktari), mmesema nimepona. Mbona klachi inanishinda?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi ya kwenye mtihani. Ajali ilikuwa moja, mkono ni mmoja, mtu ni yuleyule anayekula matooke yaleyale. Iweje mfupa, kitu kigumu kama jiwe, uwe umemaliza kazi yake, na kiganja bado hakijui habari?

Tuanze na huo ugumu, maana ndio unaotudanganya. Ukila kuku wa Wandegeya, Kampala, usitupe mifupa ya paja. Mmoja uloweke kwenye siki kwa siku kadhaa, mwingine uchome kwenye sigiri mpaka uwe mweupe. Wa siki utapinda kama mpira, kwa sababu siki imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti na kuacha nyuzi za kolajeni. Wa sigiri utabaki na umbo lake lilelile, lakini ukiubonyeza unavunjika kama chaki, kwa kuwa moto umekula kolajeni na kuacha madini. Madini huupa mfupa ugumu, kolajeni huufanya usikatike ovyo. Na katikati ya mchanganyiko huo zimo seli hai na damu nyingi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hushangaa wanapouona mfupa mbichi chumba cha upasuaji: unavuja damu.

Damu hiyo ndiyo mwanzo wa kuunga. Ngozi ikikatika huacha kovu, lakini mfupa hujirudisha kuwa mfupa. Kwanza damu huganda mahali palipovunjika, kisha tishu laini huota, halafu gegedu, halafu mfupa mchanga, na mwisho mfupa kamili ambao seli zitaendelea kuuchonga kwa miaka. Ni njia ileile iliyojenga mifupa mirefu tumboni mwa mama. Mpangilio huo una sababu, na Stephan Perren, mpasuaji wa Uswisi, aliieleza vizuri: tishu laini ya mwanzo inaweza kuvutwa hadi urefu wake ukawa maradufu bila kukatika, gegedu huvumilia kama asilimia 10, na mfupa asilimia 2 tu. Kwa hiyo mwili huweka kwanza kile kinachostahimili mtikisiko, na kila tabaka huutuliza mvunjiko kiasi cha kuruhusu tabaka gumu zaidi lifuate. Plasta haiungi mfupa. Inapunguza mtikisiko, basi.

Abayunzi, waunga mifupa wa jadi, wameijua kanuni hiyo kwa mikono yao kabla ya Perren kuzaliwa. Neno lenyewe la Kiganda, okuyunga, ni ndugu wa kuunga yetu. Banzi zao hutuliza mfupa na mingi huunga. Kinachonitia hofu ni kamba inayokazwa mno. Mfupa huvumilia, lakini msuli uliokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa, na ukifa hugeuka kovu linalojikunyata na kuvuta vidole kuwa makucha. Mpasuaji Mjerumani Richard von Volkmann aliyaandika hayo mwaka 1881, na alikuwa akizungumzia bandeji za hospitali, kwa hiyo tusiwanyooshee abayunzi peke yao kidole.

Sasa kiganja cha kijana wetu. Nyuma ya mfupa wa juu wa mkono hupita neva ya radiali, mshipa wa fahamu unaojiviringisha kwenye mfupa kama mtambaa kwenye shina. Mfupa ukikatika hapo, neva nayo huvutwa au kupondwa. Neva hiyo ndiyo inayoamrisha misuli ya kuinua kiganja, kunyoosha vidole na kuinua dole gumba. (Mlevi aliyelala mkono umening'inia kwenye mgongo wa kiti huamka na kiganja hichohicho. Neva yake imebanwa tu, na mara nyingi hurudi baada ya siku au wiki chache.) Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi: kabla hujagusa plasta, mwambie mgonjwa akuoneshe dole gumba juu, uandike ulichoona. Ukimaliza plasta, rudia. La sivyo hutajua kama neva iliumizwa na barabara au na wewe.

Mfupa hutengenezwa palepale ulipovunjika, na mafundi wake wanatoka jirani, kwenye uboho na kwenye utando unaoufunika. Neva haina bahati hiyo. Uzi wa neva ni mkono mrefu wa seli moja, na kiini cha seli hiyo kimo ndani ya uti wa mgongo, shingoni. Uzi ukikatika katikati ya mkono, kipande cha chini kimetenganishwa na mama yake. Mwaka 1850 mtafiti Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kipande cha mbali kinasambaratika chote, hata pale pasipoguswa na kisu. Seli za ganda, zile zinazouvika uzi wa neva, husafisha mabaki, kisha hujipanga mstari kama bomba tupu linalongoja waya mpya.

Waya huo huchipua kutoka juu, kama milimita 1 kwa siku. Malighafi ya kujengea uzi hutengenezwa shingoni na kusukumwa polepole ndani ya uzi mpaka kwenye ncha, na ncha haiwezi kuukimbia mzigo wake. Hesabu basi. Kutoka mvunjiko hadi msuli wa kwanza wa kuinua kiganja, karibu na kiwiko, ni kama sentimita 10: siku 100, ukiacha siku za kujiandaa. Hadi misuli ya dole gumba ni kama sentimita 25, zaidi ya miezi minane. Wiki ya kumi kijana alikuwa bado njiani.

Lakini yeye alilalamikia klachi, na kubana klachi ni kukunja vidole, kazi ya neva nyingine zilizo salama. Jaribu mwenyewe: kunja kiganja chini kabisa, kisha ukaze ngumi. Nguvu imekwenda wapi? Msuli hukaza kwa nyuzi mbili, aktini na mayosini, kuteleza moja juu ya nyingine, jambo lililoelezwa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti. Kiganja kikining'inia, misuli ya vidole imekwisha kufupika kabla hata ya kuanza kazi, na nyuzi hazina tena nafasi ya kuvutana. Tulimfungia kijana banzi la kuinua kiganja, ngumi ikarudi papo hapo. Akacheka, akamtazama mama yake aliyekaa mlangoni.

Msuli nao una subira yenye mwisho. Ukikaa bila neva hukonda, na baada ya miezi 12 hadi 18 pale neva inapopachika amri yake huwa hapapokei tena. Kwa kijana huyu muda unatosha. Kwa yule aliyerushwa na pikipiki akaangukia bega, neva zikakatika shingoni, hautoshi: hadi kiganjani ni zaidi ya sentimita 60. Huyo hasubiriwi. Mwaka 1994 Mfaransa Christophe Oberlin alionyesha njia ya kuazima nyuzi chache za neva jirani yenye afya na kuzipachika karibu kabisa na msuli wa kukunja kiwiko, safari ikawa fupi. Polio ni mbaya zaidi, maana virusi huua kiini chenyewe ndani ya uti, na hapo hakuna kinachochipua. Ronald Huckstep, aliyefundisha upasuaji wa mifupa Makerere miaka ya 1960, aliwatengenezea watoto wa namna hiyo vyuma vya miguu vya bei nafuu ili wasimame.

Tunajuaje waya umefika wapi? Kwa kidole. Mwaka 1915, vitani, Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann, kila mmoja upande wake, waligundua kwamba ukigonga juu ya ncha changa ya neva mgonjwa husikia kama umeme. Nikamgonga kijana kuanzia chini kwenda juu. "Hapo!" akaruka. Sentimita 4 chini ya mvunjiko. Mwanafunzi akaweka alama kwa kalamu ya wino, akapima na kuandika kwenye faili.

Mwezi uliofuata alama mpya ilikuwa sentimita 3 chini ya ile. Mwezi wa tatu tangu aje kliniki alikaa kitini kabla sijamwambia, akavua banzi, akaweka mkono mezani na kuukodolea macho. Kiganja kikapanda, labda upana wa kidole kimoja, kikatetemeka, kikashuka. Dole gumba halikutikisika hata kidogo. Tukampangia tarehe nyingine.