Majimoto yenye harufu ya mayai viza: maswali na majibu

Ile harufu inayompokea mgeni Olkaria, karibu na Naivasha, ni ya nini?
Ni gesi ya hidrojeni salfidi. Chini ya Bonde la Ufa kuna miamba iliyoyeyuka kwa joto, na ndani yake mna salfa. Miamba hiyo ikipanda, mgandamizo hupungua, gesi zenye salfa zikachomoka na kuingia kwenye maji ya mvua yaliyozama ardhini. Maji hayo hurudi juu yakiwa mvuke. Gesi hiyohiyo ndiyo huifanya hereni ya fedha iwe nyeusi.

Na ule ukoko wa njano kwenye matundu ya mvuke?
Hiyo ni salfa yenyewe, hubaki pale gesi inapokutana na oksijeni ya hewani. Sehemu nyingine bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ambayo hula mwamba hadi ukawa udongo laini. Usikanyage hapo: juu panaonekana pakavu, chini ni tope linalochemka.

Kuivuta gesi hiyo kunadhuru?
Inategemea kiasi. Pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa kila sehemu milioni za hewa, na kiasi hicho si cha kutisha, ingawa mwenye pumu asikae karibu. Hatari kubwa iko hapa: ikifika kama sehemu 100, uwezo wa kunusa hufa ganzi. Harufu inapotea, mtu anadhani hewa imesafika, kumbe gesi imezidi. Ikipita 500, anaweza kuzimia na kufa kwa muda mfupi. Harufu kali ikikatika ghafla, ondoka, panda mahali palipoinuka penye upepo.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa mashimoni na kwenye vyumba vya kuogea visivyo na madirisha. Mwenzako akianguka shimoni, tafadhali usimfuate. Ita waokoaji wenye mitungi ya hewa. Watu wa Goma, Kongo, wanaijua hatari ya namna hii kwa mazuku, yaani gesi ya volkano inayojikusanya mabondeni, ingawa ile ni kaboni dioksidi, isiyo na harufu kabisa.

Je, majimoto yanatibu ngozi?
Salfa imo kweli kwenye baadhi ya dawa za upele na chunusi, lakini zile zimepimwa. Majimoto hayajapimwa. Mwenye kidonda asiingie.

Naweza kuyanywa?
Hapana. Majimoto mengi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto na, kwa miaka mingi, mifupa ya wakubwa. Kuyachemsha hakuiondoi.